Namna ya Kula Krismasi Nyumbani Ukiwa Mtu Mzima Ambaye Imani Yake Imebadilika

Watani wetu husema kwamba Wachagga huenda Moshi kila Desemba kuhesabiwa, na kwamba asiyefika hufutwa kwenye daftari. Utani huo una uzito kuliko wanavyodhani wanaoutoa, kwa kuwa Yusufu na Mariamu wa Injili ya Luka nao walisafiri kwenda kuandikwa katika mji wa ukoo wao, wakafika na kukosa pa kulala. Mwongozo huu ni kwa yule aliyekua, mwenye mshahara wake na maswali yake, ambaye bado ni Mkristo lakini si kwa namna ile aliyofundishwa kwenye darasa la kipaimara, na sasa anatakiwa kusafiri zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar es Salaam ili akale sikukuu na watu ambao imani yao haijasogea hata hatua moja.

Niseme mapema ninakotoka. Kwetu ni Marangu. Marehemu baba alikuwa Mlutheri, mama ni Mkatoliki wa kutoka Rombo, dada yangu ameolewa na Mwislamu wa Tanga, na mdogo wangu wa mwisho ameokoka na anasali katika kanisa ambalo halina simile na pombe. Mimi ni mtoto wa kwanza. Baba alipofariki, miaka mitatu iliyopita, nilikabidhiwa vitu viwili bila mtu kuniuliza: panga la kupogolea migomba na sala ya chakula cha Krismasi. Panga nilikuwa najua kulitumia.

Kabla ya safari

Anza na fedha, maana ugomvi mwingi wa Desemba unaovalishwa joho la dini huwa ni ugomvi wa michango. Mshahara wa Desemba humdanganya mtu akauona kuwa mali ya sikukuu, hali ndio huo huo unaotakiwa kulipa ada, sare na madaftari shule zikifunguliwa Januari. Mimi hutenga ada kwanza, kisha nauli ya kwenda na ya kurudi, kisha bahasha ya usharika, na kinachobaki hukitaja kwenye kundi la familia la WhatsApp mwishoni mwa Novemba kabla mtu mwingine hajanipangia. Utaitwa mbahili kwa siku mbili, halafu watazoea. Tiketi ya basi nayo ikate mwezi huo huo, kwa kuwa wiki ya Krismasi kiti hakipatikani kwa maneno matamu.

Kisha soma. Watu wengi wazima hubeba Krismasi ya igizo la Shule ya Jumapili, ambamo wachungaji na mamajusi wamebanana katika zizi moja, na hawajarudi tena kwenye maandiko tangu wavuliwe yale mashuka meupe ya umalaika. Chukua jioni mbili. Ya kwanza msome Mathayo peke yake, uone kwamba mamajusi hawakutajwa idadi, kwamba utatu wao tumeukisia kutokana na dhahabu, uvumba na manemane, na kwamba walimkuta mtoto nyumbani, wala zizi halikutajwa. Ya pili msome Luka, mwenye wachungaji na hori ya kulia ng'ombe, ambaye hana nyota wala Herode mwenye kuua watoto. Marko anaanza na ubatizo tu, habari ya kuzaliwa hana. Tarehe haipo popote. Kalenda ya Kirumi iliyokusanywa mwaka 354 ni miongoni mwa kumbukumbu za mwanzo kabisa zinazotaja tarehe 25 Desemba, na ndugu zetu wa Kanisa la Othodoksi la Ethiopia husherehekea inapofika tarehe 7 Januari kwa kalenda yetu. Ukiwa na muda, soma pia sura ya 19 ya Kurani, Surat Maryam, ambamo Mariamu anashikwa na uchungu chini ya mtende. Shemeji yangu alipogundua kwamba nimeisoma, mazungumzo yetu yaliacha kuwa ya mpira peke yake.

Hata hivyo, maarifa haya usiyabebe kama rungu. Mwaka niliojifunza habari ya tarehe, niliitangaza mezani, mbele ya shangazi yangu aliyekuwa anamenya ndizi. Hakuinua uso. Aliniuliza, "Mwanangu, mimi mama aliniambia nilizaliwa msimu wa kuchuma kahawa, siku haijulikani wala mwezi. Kwa hiyo sikuzaliwa?" Watu walicheka mpaka mbwa akabweka, nami nikacheka kwa kuchelewa. Ninachoshauri ni kwamba usilete swali ambalo hukuulizwa, na ukiulizwa, jibu kwa kadiri ya swali lenyewe. Tofauti ya Mathayo na Luka ilinifanya nipende habari hii zaidi kwa sababu nilifika kwenye tofauti hiyo mwenyewe, kwa wakati wangu, na shangazi naye ana haki ya kubaki na mamajusi wake watatu.

Jambo la mwisho la maandalizi ni zito zaidi. Kama umekosana na ndugu, maliza kabla ya tarehe 24. Kwetu lipo jani la isale, lile linalopandwa kwenye mipaka ya kihamba, yaani shamba la ukoo lenye migomba, ambalo mkosaji humkabidhi mzee mmoja alipeleke kwa aliyekosewa kuomba radhi, na aliyepelekewa isale huona aibu kukataa. Baadhi ya walokole hulikataa wakisema ni mila za kipagani. Mimi sioni hivyo. Naona mtu anayekiri kosa mbele ya shahidi, na hilo ni jambo ambalo kanisa langu limenifundisha tangu utoto. Lakini mdogo wangu nilipomkosea sikumpelekea isale, kwa kuwa nilijua dhamiri yake ingemsumbua. Nilimtuma mama mdogo, bila jani, na maneno yale yale.

Jikoni

Huku ndiko uvumilivu wa imani unakopimwa kwa vitu vya kushika. Mbuzi wa sikukuu anaweza kuwakusanya watu wote au kuwagawa, kutegemea ni nani amemchinja. Kama kuna Mwislamu mmoja tu atakayekula, mwombe yeye au jirani Mwislamu achinje, na hakikisha hilo limepangwa tangu jana yake, si asubuhi mtu ameshashika kisu. Mkristo hapungukiwi na chochote kwa kula nyama iliyochinjwa na Mwislamu, ilhali yeye akikosa uhakika atakaa na sahani ya wali mtupu akijifanya ameshiba, nanyi mtajifanya hamjaona.

Shughuli huja kwenye kisusio, supu yetu ya damu, ambayo wazee wasipoiona husema mbuzi ameharibiwa. Shemeji hali damu kwa sheria ya dini yake. Mdogo wangu naye hali, kwa sababu ya Matendo ya Mitume sura ya 15, ambapo mitume waliwaagiza waumini wa mataifa wajiepushe na damu. Kwa hiyo Mwislamu na mlokole wa nyumbani kwetu hukaa upande mmoja wa uwanja, na Walutheri na Wakatoliki upande mwingine, wakipokezana bakuli. Kazi yako ni kuhakikisha sufuria ya kisusio ina upawa wake, kitimoto kama kipo kinapikwa mbali na kwa vyombo vingine, mbege, pombe yetu ya ndizi, ina kata yake na soda zipo za kutosha. Usimwambie mtu "onja kidogo tu". Mtori huwaunganisha wote, upike mwingi.

Ibada

Katika familia iliyochanganyika, nenda kote unakoweza. Mimi humsindikiza mama kwenye misa ya mkesha, kisha asubuhi ya tarehe 25 nakwenda usharikani alikobatizwa baba. Wakati wa komunyo katika misa ya mama hubaki kwenye benchi, kwa sababu Kanisa Katoliki kwa kawaida halimkaribishi Mlutheri kupokea. Najua kwamba makanisa haya mawili yalitia saini tamko la pamoja kuhusu kuhesabiwa haki huko Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999, na kwamba wanateolojia bado wanazungumza. Lakini mimi ni mgeni pale, na mgeni hapangi utaratibu wa meza. Mama hurudi kutoka kupokea, akapiga magoti, na mkono wake wa kushoto huuweka juu ya wangu mpaka amalize kusali. Sijawahi kumweleza kwamba nasubiri dakika hizo kuliko mahubiri.

Unasali wapi siku hizi?

Swali hili litakuja, na kwa kawaida huja baada ya lile la kuoa au kuolewa. Anayeuliza mara nyingi hafanyi upelelezi. Anataka kujua kama huko mjini una watu wa kukuzika. Kwa hiyo mjibu hofu yake. Kama unakwenda kanisani mara moja kwa mwezi, sema unakwenda mara moja kwa mwezi na utaje mtaa. Kama umesimama kwa muda, sema, "Shangazi, kwa sasa nimepumzika, lakini nasali nyumbani," ikiwa ni kweli unasali. Usitunge jina la mchungaji. Akianza kukuhubiria, mwache amalize, mshukuru, halafu muulize yeye aliokokaje au alibatizwa na nani. Mzee aliyeulizwa habari hiyo husahau kabisa kwamba alikuwa anakukemea.

Sala yenyewe

Sasa chakula kimeiva, watu wamenawa, kiti cha baba kimeachwa wazi, na mama anasema jina lako. Ninajua mwili unavyofanya wakati huo, hasa kama wiki nzima iliyopita ulikuwa unajiuliza kama Mungu anasikia maombi ya mvua.

Kanuni yangu ya kwanza ni kutosema mbele ya Mungu neno ambalo nisingelisema mbele ya rafiki anayenijua vizuri. Baba alikuwa na sala ndefu, yenye radi na mafuriko ya baraka, nayo ilimfaa kwa kuwa aliiamini yote. Nilijaribu kuiga mwaka wa kwanza, nikapotea katikati ya sentensi; mtoto wa dada yangu akafumbua macho kuangalia kama nimemaliza. Tangu hapo husali kwa mambo yanayoonekana. Hushukuru kwa walioshika sufuria, kwa majina yao. Huwataja waliofariki mwaka ule, na huwataja ambao hawakufika, pamoja na sababu kama si ya aibu: fulani yuko zamu hospitali, fulani hakupata nauli. Ninaweza kuwa na mashaka juu ya mengi, lakini sina mashaka kwamba shangazi ameamka saa kumi alfajiri kumenya ndizi, na kushukuru kwa hilo si unafiki.

Kanuni ya pili ni kutotumia sala kumfikishia mtu ujumbe. Sote tumewahi kusikia mtu akiomba, "Bwana, uwaguse wale wanaosahau wazazi wao," na kila aliyefumba macho akajua ni nani anayepigwa. Ukihisi sala yako inaanza kumtafuta mtu, ikate hapo hapo.

Mahali penye wageni wa imani nyingine, waeleze kabla hujaanza kwamba sisi tutasali kwa desturi yetu, wakae kwa namna wanayoridhika nayo. Sifichi jina la Yesu ili kumpendeza shemeji. Angeniona mtu wa ajabu, maana amekuja kula Krismasi na anajua ni sikukuu ya nani. Ila silitumii kumwonyesha kwamba amekosea. Kisha tunasema Baba Yetu kwa pamoja, ambayo hubeba yale niliyoshindwa kuyasema mimi, na mwisho neno Amina linatoka vinywani mwa wote, pamoja na cha shemeji, kwa kuwa neno hilo ni la Waislamu pia.

Na kama mwaka fulani huwezi kabisa, mwambie mama tarehe 23, wakati mnachambua mchele, si mezani. Mwaka jana nilimwambia. Hakuniuliza kwa nini. Alimwita mjukuu wake wa miaka saba, akamfundisha mistari minne, na mtoto siku hiyo akasali mitatu, akasahau wa nne, akasema, "Basi, tule." Mama akaitikia Amina kabla yetu wote.

Tarehe 26, ambayo nayo ni ya mapumziko, pita makaburini kihambani ukang'oe magugu kabla ya kufunga mizigo. Wapigie simu wale uliowataja kwenye sala kuwa hawakufika, uwaambie kwamba walitajwa. Halafu acha nafasi kwenye buti ya basi, kwa sababu mama atakufungia mkungu wa ndizi hata ukimwambia kwamba Dar es Salaam zinauzwa.