Kabla ya kuipa wiki yako ngazi: mambo ya kuzingatia

Wiki, yaani tovuti ambayo watu wengi huiandika na kuihariri pamoja, ikiwa na kurasa thelathini haihitaji ngazi. Wanaoihariri wanazijua zote kwa majina, na kisanduku cha kutafutia kinawatosha. Kasheshe huanza zikifika mia tatu. Mgeni anafungua ukurasa wa kata moja, haoni kata jirani, haoni pa kupandia kwenda kwenye wilaya, anafunga na kuondoka. Hapo ndipo wahariri husema: tuzipange, kubwa zibebe ndogo. Nimeifanya kazi hiyo katika wiki ya mitaa ya Dar es Salaam ninayoitunza na wenzangu, na naamini inastahili jasho lake. Lakini ugumu wake uko kwenye maamuzi ya mwanzo, kabla hujagusa mtambo wenyewe, yaani programu inayoiendesha wiki.

Uamuzi wa kwanza ndio mzito kuliko yote: nafasi ya ukurasa itaandikwa ndani ya jina lake, au itakaa pembeni ya jina? Wiki ya kwanza, aliyoianzisha mwanaprogramu Mmarekani Ward Cunningham mwaka 1995, haikuwa na ghorofa. Kurasa zote zilikaa sakafu moja zikiunganishwa kwa viungo tu. Ngazi zilikuja baadaye, kwa njia tofauti. Katika MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, unaweza kuandika jina lenye mkwaju (alama ya /), mfano Temeke/Mbagala, ukurasa wa pili ukawa mtoto wa ule wa kwanza na juu yake ukatokea mstari mdogo wa kumrudisha msomaji kwa mzazi. Unaweza pia kuacha jina kama lilivyo na kuutia ukurasa kwenye jamii, yaani kundi la kurasa ambalo programu huliorodhesha yenyewe. Au ukatengeneza kigezo, yaani kipande kinachoandikwa mara moja na kutumika kwenye kurasa nyingi, chenye viungo vya ndugu zake wote na kukibandika kwenye kila ukurasa wa kundi hilo.

Mkwaju unavutia kwa sababu ni rahisi, na sisi tulianza nao. Kurasa za Sinza, Manzese na Kimara zilikaa chini ya Kinondoni. Kisha kati ya 2015 na 2016 Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni ikawa wilaya, na Kigamboni ikamegwa kutoka Temeke. Majina yetu yakawa ya uongo kwa siku moja, na kila kiungo ambacho watu walikuwa wametumiana kilibeba uongo huo. Mwaka 2021 Manispaa ya Ilala nayo ikapandishwa kuwa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, tukafungua tena daftari la majina. Tungekuwa tumeandika "Sinza" tu, na wilaya tukaiweka kwenye jamii, marekebisho yangekuwa mstari mmoja chini ya kila ukurasa, na anwani isingeguswa.

Zipo pia kurasa ambazo hazina mzazi mmoja. Daraja la Nyerere, lililofunguliwa 2016, mguu mmoja uko Kurasini upande wa Temeke na mwingine uko Kigamboni. Kivuko cha Magogoni nacho kinaanzia upande wa Ilala na kutia nanga Kigamboni. Mwendokasi wa Kimara hadi Kivukoni unapita Ubungo, Kinondoni na Ilala katika safari moja. Mkwaju utakulazimisha umpe mtoto baba mmoja, wakati jamii zinauruhusu ukurasa kukaa kote unakostahili. Kwa hiyo, kabla ya yote, pitia kurasa zako na uulize kila moja: hiki ninachotaka kukiita mzazi kinaweza kubadilika, au kuwa zaidi ya kimoja? Jibu likiwa ndiyo, usikitie kwenye jina. Mkwaju waachie watoto wasioweza kuishi bila mzazi, kama kumbukumbu za vikao vya wahariri, rasimu, au sura za mwongozo mmoja mrefu.

Ukishaamua hilo, nenda kwenye majina. Hapa Dar kuna mtego ambao mgeni hauoni: Ilala, Temeke, Kinondoni, Ubungo na Kigamboni ni wilaya, na kila moja ina kata yenye jina lilelile. Ukurasa unaoitwa "Ilala" unazungumzia ipi? Amueni mapema na muandike kanuni mahali ambapo kila mhariri ataiona. Tahadhari nyingine ni ya alfabeti. Ukiziita kurasa "Kata ya Sinza", "Kata ya Manzese", "Kata ya Tandale", zote zitarundikana kwenye herufi K katika orodha ya jamii, na orodha hiyo huonyesha kurasa 200 tu kwa mara moja. Dawa ipo: unapoitaja jamii, weka mstari wima (|) baada yake kisha neno la kupangia, ukurasa wa Sinza ukae kwenye S. Kulifanya hilo mwanzoni ni dakika chache kwa kila ukurasa. Kulirudia baadaye kwenye mamia ya kurasa kunachosha wahariri mpaka wengine wanakata tamaa.

Upande wa mtambo, jua kwanza unatumia nini. DokuWiki, programu nyingine ya wiki, haina kanzidata. Kila ukurasa ni faili la maandishi, na ngazi ni folda zinazotenganishwa kwa nukta pacha (:). Ngazi zipo tangu siku ya kwanza, ila kuhamisha ukurasa kutoka folda moja kwenda nyingine kunahitaji kiongezo (programu ndogo ya nyongeza), kwa hiyo kihakikishe na ukijaribu kabla hujaahidi watu lolote. Katika MediaWiki, kurasa ndogo zimezimwa kwenye eneo kuu la makala mpaka uziwashe mwenyewe kwa $wgNamespacesWithSubpages ndani ya LocalSettings.php, faili la mipangilio ya wiki. Bila hivyo mkwaju ni herufi tu kama nyingine. Na hapo kuna jambo la kukagua: tafuta kurasa ambazo tayari zina mkwaju kwenye majina kwa sababu nyingine kabisa. Ukurasa wa "Ligi ya mtaa 2019/20" utageuka mtoto wa "Ligi ya mtaa 2019" dakika utakayowasha. Pia mstari wa kurudi juu ya ukurasa huunganisha wazazi waliopo tu. Kama umeandika Temeke/Masoko/Tandika na ukurasa wa Temeke/Masoko haupo, msomaji anaruka kipandio kimoja, na yule aliyetaka kuona masoko mengine ya Temeke hana mlango.

Nakala ya akiba: kanzidata, folda ya picha, na LocalSettings.php. Jaribu kuirudisha kwenye kompyuta nyingine na ufungue kurasa kadhaa kwa macho yako. Kama seva iko ofisini kwenu na umeme ni wa kukatika, usianze kabla ya kuwa na chanzo cha pili cha umeme.

Sasa watu. Hili nimelipa nafasi kubwa kuliko mtambo, na sijutii. Sisi wahariri tulikuwa tumeshapanga mti wetu: mkoa, wilaya, kata, mtaa, kama serikali inavyopanga. Kisha tukaandika majina ya kurasa hamsini kwenye vipande vya karatasi, tukawapa watu wasiohariri wiki na kuwaomba wavipange mafungu wanavyoona wao. Mama lishe mmoja alivipanga kwa barabara. Dereva wa bodaboda naye hivyohivyo. Mbagala na Rangi Tatu zikaenda na Barabara ya Kilwa, Gongo la Mboto na Barabara ya Nyerere, Kimara na Mbezi na Barabara ya Morogoro, Mwenge na Tegeta na Barabara ya Bagamoyo. Hakuna aliyegusa wilaya. Nikakumbuka kwamba hata mimi nikiulizwa ninakokaa, nataja kituo ninachoshukia. Tukaongeza jamii za barabara kuu sambamba na za wilaya. Zoezi hilo lilituchukua mchana mmoja na pesa ya chai. Lifanye kabla ya kuandika kigezo hata kimoja, na usiwaongoze watu mikono wanapopanga.

Zingatia pia kimo cha mti. Mkoa, wilaya, kata na mtaa tayari ni vipandio vinne, na msomaji wako yuko kwenye simu, kasimama ndani ya daladala. Menyu ya pembeni uliyoipanga kwa uangalifu kwenye kompyuta haitokei katika muonekano wa simu wa MediaWiki unaoitwa Minerva, ule uleule wa Wikipedia ya simu. Visanduku vya viungo vinavyokaa chini ya makala navyo hufichwa kwenye Wikipedia ya simu. Kwa hiyo viungo muhimu, yaani cha mzazi na vya ndugu wa karibu, viwe ndani ya mwili wa ukurasa, katika mstari mfupi juu kabisa. Mimi nilikopa simu ya bei ndogo ya jirani, nikazima picha ili kubana bando, nikajaribu kutoka Tandika kwenda Keko bila kutumia kisanduku cha kutafutia. Nilikwama mara mbili, na mara zote mbili kosa lilikuwa la kigezo chetu.

Siku ya kuhamisha, chagua muda wenye wasomaji wachache. Kwetu ilikuwa Jumapili alfajiri. Watangazie wahariri wote siku tatu kabla, wasije wakahariri ukurasa unaohamishwa. Andaa jedwali lenye jina la zamani, jina jipya, na nani anashughulika nalo. MediaWiki inaweza kuhamisha mzazi pamoja na watoto wake kwa mkupuo, lakini kikomo chake cha kawaida ni watoto 100, kwa hiyo familia kubwa zigawe. Jina la zamani huachwa likielekeza kwenye jipya; liache hapo, kwa sababu kuna viungo vilivyotumwa kwenye makundi ya WhatsApp ambavyo hutaviona kamwe. Ila usihamishe ukurasa mara mbili bila kurekebisha maelekezo: programu hufuata elekezo moja tu, na msomaji anayetua kwenye la pili ataachwa njiani.

Ukibadilisha kigezo kilicho kwenye mamia ya kurasa, usishtuke ukiona baadhi bado zina viungo vya zamani. Kazi za kusasisha husubiri foleni, na kwa mpangilio wa kawaida hutekelezwa moja kila mtu anapofungua ukurasa. Wiki yenye wageni wachache itachukua siku. Mwombe anayetunza seva aendeshe runJobs.php, programu ndogo inayomaliza foleni hiyo, kisha fungua orodha ya kurasa zisizounganishwa na ile ya kurasa zinazohitajika (zenye viungo lakini hazijaandikwa), ukiwa na jedwali lako mkononi.