Kubadili breki shuu za nyuma nyumbani: dramu likigoma, weka nyundo chini

Jumamosi mpwa wangu alikuja na Toyota yake ndogo, nyuma inakwaruza kila akikanyaga breki. Anakaa Mikindani, gari linalala hatua chache kutoka baharini, kwa hiyo kutu niliitarajia kabla hatujafungua nati.

Hatua ya 1. Zuia tairi za mbele kwa mawe, legeza nati, piga jeki, toa tairi. Chini weka stendi au gogo la mwembe. Tofali likipasuka halipigi hodi.

Hatua ya 2. Shusha hendibreki, vuta dramu, lile bakuli la chuma linalofunika shuu.

Halitoki, sivyo? Mara yangu ya kwanza nilianza kugonga baada ya alasiri, adhana ya isha ikanikuta bado nagonga. Lilipotoka lilikuwa limemeguka ukingo, nikanunua jingine. Kumbe shuu, vile vipande vilivyopinda vinavyobana dramu, huila kwa ndani, ukingoni unabaki mdomo, na adjasta, skrubu ya kuzisogeza shuu karibu na dramu, ikishazitanua, zinanasa nyuma ya mdomo huo. Utagonga mpaka kesho.

Usoni mwa dramu kuna matundu mawili yenye thredi. Yasugue, ingiza bolti mbili za milimita 8, kaza huku robo mzunguko, kule robo. Ukisikia "tak", kutu ya katikati imeachia. Bolti zikiwa ngumu na dramu limekaa, acha, zitakatikia ndani. Zunguka nyuma ya bamba linaloshikilia shuu, ng'oa kizibo cha mpira. Bisibisi moja isukume kiulimi kinachozuia gurudumu la meno la adjasta, nyingine izungushe meno. Huoni kitu, unafanya kazi kwa vidole. Dramu likizidi kuwa zito kuzungushwa, unakaza badala ya kulegeza, geuza. Mpwa alikuwa akihesabu meno kwa sauti. La kumi na nne, dramu likatoka kwa mikono mitupu. "Mjomba, kumbe!"

Hatua ya 3. Vumbi usilipulize, shuu nyingine za zamani zina asbesto. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa. Pedali isikanyagwe dramu likiwa nje, pistoni za silinda inayosukuma shuu zitachomoka. Mpira wa silinda ukiwa na unyevu, tengeneza silinda kwanza, la sivyo shuu mpya zitalowa mafuta.

Hatua ya 4. Fungua upande mmoja tu kwa wakati mmoja. Ule mwingine ndio wa kutazamia springi zinavyokaa. Picha za simu mimi siziamini, zimeshanichanganya kushoto na kulia. Adjasta nazo usizibadilishane, thredi zake zinazungukia kinyume. Grisi ya breki, kama punje ya mchele, pale shuu inaposugua bamba tu.

Hatua ya 5. Rudisha dramu, kaza adjasta mpaka likwaruze kidogo, legeza jino moja au mawili. Pampu pedali mpaka isimame, ndipo uwashe gari.

Tulilijaribu kwenye barabara tambarare, mwendo wa baiskeli. Mteremko wa Newala nimemwambia asubiri wiki, shuu zikae kwanza. Amenuna kidogo.