Ubao haununuliwi kama sare ya shule

Huku kwetu mzazi akienda kununua sare huchukua saizi mbili juu. Suruali inakunjwa pindo, sweta inafunika viganja, na mtoto anaambiwa, "Utakua nayo." Darasani hesabu hiyo inakubali. Baharini ilinitia aibu.

Mimi ni nahodha. Kazi yangu ni kuendesha boti inayovuta watu juu ya maji katika hori ya Kilifi, upande wa ndani wa daraja: watalii, na familia za Nairobi zinazoshuka likizo. Mchezo wenyewe unaitwa wekibodi. Unasimama ubavu juu ya ubao mmoja, miguu imefungwa ndani ya viatu vilivyokazwa ubaoni, mikono imeshika mpini wa kamba, na boti inakuvuta. Binti yangu alipofika miaka sita alianza kunisumbua kila jioni, naye ataanza lini. Nikamnunulia ubao wa sentimita 134 kwa mgeni aliyekuwa akihama, na jaketi la kuokolea kutoka duka moja Mombasa, ambako muuzaji aliniapia litamfaa mpaka sekondari. Siku ya kwanza jaketi lilielea na mtoto akashuka. Nikawa naona macho na paji la uso tu, kama kobe anayechungulia. Ubao nao ulimbinua kila alipojaribu kuuweka sawa. Alitoka analia, na ilinichukua miezi minne kumshawishi arudi.

Kwa hiyo ukitaka kumwanzisha mwanao, pesa ya kwanza iende kwenye jaketi, nawe usiulize ana miaka mingapi. Mpime kilo. Majaketi mengi ya watoto tunayoyaona hapa yametoka Marekani, na ndani ya kitambaa utakuta uzito ulioandikwa kwa ratili. Ukiugeuza kuwa kilo, saizi ndogo ni ya mtoto wa kilo 14 hadi 23 hivi, inayofuata ni ya kilo 23 hadi 41. Yale ya Ulaya huandikwa nguvu ya kuelea kwa nyutoni. Namba 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na mwenye msaada karibu. Namba 100 ina uwezo zaidi wa kumgeuza mtu uso juu, na hiyo ndiyo ningemchagulia mtoto mdogo, hata kama inamfanya aonekane mnene kama mto wa kitanda. Kuna fulana nyembamba nzuri za kuvaa ukivutwa ambazo vijana wanazipenda. Hizo kazi yake ni kupunguza kishindo cha kuanguka, na nyingi haziwezi kumshikilia mtu juu ya maji. Mtoto asipewe.

Likiwa limefungwa zipu na mikanda yote, shika mabega ya jaketi uvute juu kwa nguvu. Likipanda mpaka kidevuni, ni kubwa, rudisha. La mtoto chini ya miaka minane hivi liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Kisha mpeleke maji ya kifuani, umwambie alegee kabisa, uone mdomo unakaa wapi. Jaribio hilo lingenichukua dakika mbili. Sikulifanya.

Ubao sasa. Mwaka 1985 Tony Finn wa California alitoa ubao aliouita Skurfer, uliofanana na ubao mdogo wa kuteleza mawimbini. Ulikuwa unaelea sana, na watu wepesi walishindwa kuuanzia wakiwa kwenye maji marefu, kwa sababu ili uanze lazima uushushe ubao majini uukalishe mbele yako. Miaka mitano baadaye Herb O'Brien akatoa Hyperlite, ubao usioelea kupita kiasi, na watu wa kila umbo wakaweza kuanza. Hiyo historia naipenda kwa sababu ndiyo kasoro niliyomrudishia binti yangu bila kujua: mtoto wa kilo 20 na ubao wa mtu wa kilo 70 ni sawa na kumpa pipa aliketie majini.

Kwa mtoto aliye chini ya kilo 30 tafuta ubao wa sentimita 110 hadi 120 hivi. Akishavuka hapo, usogee mpaka 125 au zaidi kidogo. Watengenezaji hubandika jedwali la uzito, lifuate hilo kuliko maneno ya muuzaji, na kuliko yangu. Utazame ubao kwa ubavu: tumbo lake liwe na mviringo mmoja mpole kutoka ncha hadi ncha. Zile zenye mkunjo wa ghafla katikati ni za kurukia juu, acha wakubwa wajirushe. Kingo ziwe nene na za mviringo ili zisiume maji, na chini kuwe na mapezi mafupi ya kumsaidia kwenda moja kwa moja.

Viatu ndivyo kitu pekee ambacho hulka yetu ya "utakua nayo" inafanya kazi, lakini vya aina moja tu: vilivyo wazi mbele, vidole vinachungulia, na vinafungwa kwa kamba au mikanda ya kunata. Jozi moja ya namna hiyo humhudumia mtoto saizi kadhaa, na kaka yake atavaa baadaye. Vikaze vishike kisigino, lakini akianguka vibaya mguu uweze kuchomoka. Usivivae vikiwa vikavu. Vichovye majini, tia matone ya shampuu ya mtoto iliyochanganywa na maji, mguu utaingia bila vita.

Kamba isiwe ya nailoni inayonyumbuka, kwa sababu kamba inayonyumbuka humrusha mtoto mbele akiwa hajajiandaa. Kwa mkubwa mimi hutumia mita 18 na zaidi. Kwa mtoto natoa vipande mpaka ibaki kama 12, ili asikie ninachosema na nimwone uso. Mpini uwe mwembamba, kiganja chake kiuzunguke chote. Helmeti isiyo na ukingo mbele, yenye matundu ya kutoa maji, iliyomkaa barabara. Fulana ya mikono mirefu ya kuzuia jua. Maji yetu ni ya vuguvugu mwaka mzima, lakini Julai na Agosti upepo wa kusi humtetemesha mtoto mwembamba baada ya robo saa, hapo nguo ya mpira ya milimita mbili si anasa.

Ukinunua vilivyotumika, na wengi wetu ndivyo tunavyofanya, bonyeza ubao kwa dole gumba kila mahali. Pakilegea au pamevimba, maji yameingia ndani, usiuchukue hata kwa bei ya bure. Kisha fungua skrubu zote za viatu na uzifunge tena mbele ya muuzaji. Nati zilizozama ndani ya ubao zikizunguka pamoja na skrubu, ubao huo umekufa.

Kabla ya boti, mkeka. Kwanza jua ni mguu gani utakaa nyuma. Mwache ateleze kwa soksi kwenye sakafu ya saruji, mara tano sita, bila kumwambia unachotafuta. Mguu anaoutanguliza ndio wa mbele. Ukimwuliza atakudanganya ili akufurahishe. Halafu mkalishe kwenye mkeka akiwa na ubao miguuni, magoti kifuani, mikono imenyooka ikipita nje ya magoti, kamba mkononi. Wewe shika ncha ya pili, vuta polepole ukirudi nyuma. Akikunja mikono kujivuta, atakaa matakoni. Akinyoosha miguu mapema, atalala kifudifudi. Akijikunja kama mpira na kuuachia mkono wako kazi, atainuka mwenyewe. Binti yangu nilimwambia, "Boti ndiyo inayokuamsha kitandani, wewe usiamke." Hilo lilimwingia kuliko maelezo yangu yote ya kitaalamu. Rudieni siku tatu, nne. Ni bure, na hakuna maji puani.

Siku ya maji sasa, na hapa wageni wengi hukosea kwa kutazama saa ya mkononi badala ya mwezi. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, hapa kwetu maji hujaa alfajiri na kupwa asubuhi yote, kwa hiyo wakati bahari imetulia ndipo mkondo unapovuta kuelekea nje, chini ya daraja. Ngoja maji mafu, siku za nusu mwezi. Mkondo unakuwa mpole, na asubuhi maji yanapanda, yanamsukuma mtoto ndani ya hori. Ingieni saa kumi na mbili na nusu, kabla upepo haujaamka, na kabla hamjagongana na wavuvi wanaorudi kutoka nyavuni. Kaa mbali na mikoko: mizizi yake ina chaza, na chaza akikukata ni kama wembe. Baada ya mvua kubwa pita kwanza na boti tupu utazame magogo.

Mtoto awe anaogelea bila jaketi angalau mita 25, na awe mtu wa kucheka maji yakimwingia usoni. Asipokuwa hivyo, umri wowote ni mapema.

Kwenye boti muwe wawili, mmoja anaendesha akitazama mbele, wa pili macho kwa mtoto tu, simu imewekwa kando. Mara za kwanza mtu mzima mwingine awe majini nyuma ya mtoto, amshike kiuno na kuuweka ubao sawa. Ishara tulizokubaliana: dole gumba juu ni ongeza, chini ni punguza, mkono kupita shingoni ni simama. Akianguka na yuko salama, anagusa kichwa. Asipogusa, nakwenda kana kwamba ameumia. Na kamba isizungushwe mkononi hata siku moja, wala isipite nyuma ya shingo.

Nahodha mwenzangu, hapa nakusemesha wewe. Usimvute mtoto kama unavyovuta bwana wa kilo 90. Kaza kamba polepole mpaka inyooke, ungoje akuambie "twende", ndipo uongeze mwendo ukihesabu mpaka nne. Kilomita 15 hadi 20 kwa saa zinamtosha kabisa. Kwenye kifaa kinachosoma mwendo kwa noti, yaani maili za baharini kwa saa, ni 8 hadi 11. Nenda moja kwa moja. Akianguka, punguza papo hapo, mzunguke kwa mbali, mkaribie ukiwa unamwona upande wako. Na kabla mkono wake haujagusa boti, zima mashine. Si kuitoa gia: kuizima, ufunguo mkononi. Rafadha, yale mapanga ya mashine yanayozunguka majini, haijui mtoto wa nani. Tena asiketishwe nyuma mashine ikinguruma, ule moshi una sumu isiyo na harufu.

Jaribio tano au sita, dakika kumi na tano, basi. Utaona anaomba moja zaidi. Mkatalie. Ukimpa hiyo moja ya ziada ndiyo atakayonywea maji, na ndiyo atakayoikumbuka wiki nzima. Mke wangu ndiye aliyenifundisha hili, yeye hapandi boti kabisa, lakini anajua watoto. Siku binti yangu aliposimama, ilikuwa jaribio la nne la siku ya pili, kwenye ubao wa 115 na jaketi linalombana. Alikwenda kama mita arubaini, akakumbuka ana baba, akageuka kunipungia mkono, akaanguka.

Mkifika nyumbani, kila kitu kioshwe kwa maji ya mfereji, viatu vifunguliwe vikauke kivulini. Ubao usiachwe juu ya mabati wala ndani ya gari lililofungwa, joto huyeyusha gundi. Nunua skrubu nne za akiba za milimita sita, uzifunge kwenye mfuko pamoja na bisibisi, na mfuko huo ukae botini. Chumvi ya Kilifi imenila skrubu mbili mwaka huu, zote asubuhi ya Jumapili, maduka yamefungwa.