Namna ya Kuifaidi Hadithi ya Upelelezi ya Kijiji cha Uingereza Wakati wa Vita

Msomaji wa Unguja au Pemba anayetaka kuifaidi hadithi ya upelelezi inayotendeka katika kijiji cha Uingereza wakati wa Vita Vikuu vya Pili hana budi kwanza kuzijua amri za serikali za wakati ule, kwa kuwa humo ndimo mwandishi anamozificha dalili zake.

Kubwa kuliko zote ni mgao wa chakula. Siagi na sukari ziliingizwa katika mgao Januari 1940, na chai Julai mwaka huohuo, gramu 57 hivi kwa mtu kwa wiki. Kila nyumba ilijiandikisha kwa mwenye duka wake, naye akazijua siri za jikoni mwa watu kuliko polisi. Basi ukisoma kwamba bibi mjane anayeishi peke yake amemkaribisha kasisi kwa keki iliyojaa siagi, usipite haraka: huenda amejinyima kwa wiki kadhaa, huenda analetewa kwa magendo, na huenda bado anatumia kitabu cha mgao cha mtu aliyekwisha kufa. Wazee waliosimuliwa jinsi mchele wa Burma ulivyoadimika visiwani kwetu, baada ya Wajapani kuiteka nchi hiyo mwaka 1942, huling'amua jambo hili upesi mno, na ndiyo maana napendelea wasomaji wakae pamoja nao.

Pili ni giza. Tangu Septemba 1, 1939 madirisha yalizibwa kila usiku na taa za njiani zikazimwa. Kwa hiyo shahidi anayeapa kwamba alimtambua mtu kwa sura penye lango la kanisa saa mbili za usiku, mwezi wa Novemba, aulizwe kama kulikuwa na mbalamwezi. Mabango ya njia nayo yaling'olewa mwaka 1940 ili kumpoteza adui, hivyo mgeni aliyefika kijijini bila ya kumwuliza mtu njia si mgeni.

Hadithi hizi zina watu wengi, na yafaa majina yao yaandikwe kwenye karatasi. Zinapendeza zaidi zikisomwa barazani baada ya sala ya Isha: mmoja asome sura moja kwa sauti, kisha kila aliyepo amtaje anayemshuku na atoe sababu yake. Aliyekwisha kukisoma kitabu anyamaze kabisa. Sura ya mwisho iachwe hadi kesho yake, na kabla ya kuifungua, zirudiwe kurasa zote zinazotaja chakula, taa na njia.