"Bonge la damu" lisilosikia warfarini: shuku uvimbe wa ateri ya mapafu

Wakuu mlio mahospitalini huko Arua, Gulu, Mbarara, leo tuongelee sarkoma ya ateri ya mapafu, yaani kansa inayoota ndani ya ule mshipa mkubwa unaotoka kwa moyo kupeleka damu mapafuni. Ni adimu sana, ilielezwa mara ya kwanza 1923 kwa maiti iliyopasuliwa, na mpaka leo inachelewa kugundulika kwa sababu inajifanya bonge la damu.

Mgonjwa anakuja na kikohozi, pumzi inakatika akipanda kilima, anakonda, saa zingine anatema damu. Huku kwetu kila mtu anawaza TB na hakuna ubaya, pima makohozi kwanza. GeneXpert (kipimo cha TB cha makohozi) ikitoka negativu, piga eko (ultrasound) ya moyo, ukikuta upande wa kulia umetanuka na presha ya mapafu iko juu omba CT skani yenye dawa ya mshipa, na kwenye fomu andika wazi unataka ateri za mapafu, ukiandika "kifua" tu dawa inapigwa kwa muda wa kawaida na hizo ateri hazionekani vizuri.

Ripoti itasema bonge. Hapo usikubali haraka. Tazama picha mwenyewe: uvimbe unapenda shina kuu, unajaza upana wote wa mshipa mpaka unautanua, unakula ukuta na kutokeza nje, mara nyingine unarudi nyuma mpaka kwenye vali. Halafu muulize mgonjwa. Miguu haina DVT (bonge la damu kwenye vena za ndani), homa zinakuja na kwenda, ESR (kipimo cha damu cha uvimbe-joto mwilini) iko juu, D-dimer (kipimo cha damu kinachopanda bonge likiwepo) haijapanda sana, amekunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wiki kadhaa, INR (kipimo cha kama warfarini inafanya kazi) iko sawa kabisa lakini skani ya pili kitu kiko palepale au kimekua? Mimi hapo siongezi dozi tena, naanza kutafuta kansa. Na dawa kali za kuyeyusha bonge usimpe ukibahatisha, uvimbe hauyeyuki na anaweza kuvuja damu bure.

MRI yenye gadolinium (dawa ya mshipa ya kung'arisha picha) inasaidia maana uvimbe una mishipa yake, unang'aa, bonge kwa kawaida haling'ai. PET skani, ile inayoonyesha sehemu zenye kansa hai, ipo Nairobi kwa mwenye uwezo. Biopsi (kipande cha uvimbe cha kupimwa) inachukuliwa kwa katheta kupitia mshipa, ikishindikana sampuli inachukuliwa wakati wa operesheni na kusomwa hapohapo tiata.

Operesheni yenyewe ni nzito: kifua kinafunguliwa katikati, mgonjwa anawekwa kwa mashine ya moyo na mapafu, mwili unapoozwa mpaka nyuzi kama 18 hadi 20, damu inasimamishwa vipindi vya kama dakika 20, daktari anachubua uvimbe pamoja na utando wa ndani wa ateri. Ukuta au vali ikishaliwa inakatwa na kujengwa upya, na pafu la upande mmoja likiwa limeshaharibika linatolewa. Baadaye kemotherapi (dawa za kuua kansa), mara nyingi doksorubisini na ifosfamidi. Familia waambieni ukweli, bila operesheni maisha mara nyingi ni wiki tu mpaka miezi michache, na hata ikifanyika kansa inapenda kurudi, ila pumzi inarudi na muda unaongezeka.

Kwa Uganda faili lionwe na Uganda Heart Institute na Uganda Cancer Institute kwa pamoja, wote wako Mulago. Wakiamua aende nje, tafuteni senta inayochubua ateri za mapafu kila mara, sio yoyote ile inayofanya moyo. Mgonjwa abebe picha zenyewe kwa CD, ripoti ya karatasi peke yake haitoshi, pamoja na vile vibloku vya nta vya biopsi.