Harusi ya watu 100 kwa milioni 4: anza na vichwa, mapambo yaje mwisho

Hatua ya 1: Hesabu fedha iliyoingia, siyo ahadi

Daftari la kamati likisema milioni 7 na mweka hazina akawa na milioni 4, bajeti ni milioni 4. Harusi nyingi huingia madeni hapa: ukumbi unawekewa oda kwa ahadi, wiki ya mwisho simu hazipokelewi. Funga hesabu wiki nne kabla. Mchango utakaoingia baadaye uende kwenye vitu vinavyoongezeka bila shida, kama soda au maua.

Hatua ya 2: Tarehe

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka taarifa ya kusudio la kufunga ndoa itolewe angalau siku 21 kabla, kwa hiyo ongea na kanisa, msikiti au ofisi ya mkuu wa wilaya kabla ya kulipia chochote. Epuka Jumamosi za Desemba, kumbi hugombaniwa. Sherehe ya mchana, moja kwa moja baada ya ndoa, inakuokoa gharama za taa, pombe na magari ya kurudisha watu usiku.

Hatua ya 3: Vichwa

Toa kadi 30 za dabo na 30 za singo. Hao ni 90. Nafasi 10 zilizobaki ni za mshereheshaji, dijei, mpiga picha, wapishi na madereva. Nao wanakula, na kamati nyingi huwasahau mpaka sahani zinapopungua. Weka mtu wa mlangoni asiye ndugu wa karibu. Shangazi hawezi kumrudisha mtu.

Hatua ya 4: Gawa fedha

Tenga laki 4 za dharura, usiziguse. Katika milioni 3.6 inayobaki, nusu ni chakula na vinywaji, yaani 18,000 kwa kila kichwa. Nusu nyingine ibebe mahali, muziki, mavazi, picha na usafiri. Shela likodishwe, huvaliwa siku moja. Kilichobaki ndicho cha mapambo na keki. Usibane kwenye mpishi wala spika: mgeni atasamehe kitambaa kisichong'aa, lakini hatasahau wali mbichi.

Hatua ya 5: Chakula

Kumlipa mpishi wa mtaani na kununua vitu mwenyewe ni nafuu kuliko bei ya sahani ya kampuni, ila manunuzi yasimamiwe na mtu mmoja. Kwa watu 100, pilau ikiwa na kachumbari, mboga na matunda:

- mchele kilo 15
- nyama ya ng'ombe kilo 20
- viazi kilo 8
- vitunguu kilo 6
- mafuta lita 4
- soda kreti 8 za chupa 24, yaani karibu chupa mbili kwa kila mtu

Kubaliana na muuzaji apokee kreti ambazo hazitafunguliwa.

Kilo 15 zisipikwe sufuria moja: chini hupondeka, juu hubaki kiini. Tumia sufuria mbili, na maji yakikauka weka makaa juu ya mfuniko. Mchele mpya hunywa maji kidogo kuliko wa zamani, hivyo mpishi apike kikombe kimoja siku moja kabla, kutoka gunia lile lile. Kachumbari ikatwe mapema lakini chumvi na ndimu vitiwe wakati wa kupakua, la sivyo itachuja maji.

Kwenye bafe wageni wajipakulie wali, nyama igawiwe na mtu mwenye mwiko. Bila huyo, meza tano za kwanza humaliza nyama yote.

Hatua ya 6: Mahali

Uwanja wa nyumbani au wa kanisa wenye turubai na viti vya kukodi unatosha. Kagua vyoo, kivuli cha saa nane na umeme; uliza jenereta ni ya nani na mafuta analipa nani. Ukichukua ukumbi, mkataba utaje saa ya kumaliza na malipo ya kila saa inayozidi. Hotuba ndizo hula muda: wazungumzaji wanne, dakika tatu kila mmoja, na mshereheshaji aambiwe hivyo mapema.

Hatua ya 7: Vyombo

Hesabu sahani, vijiko na hotipoti mbele ya mwenye navyo wakati wa kupokea, andikeni idadi, wote wawili msaini. Zihesabiwe tena siku ile ile kabla gari halijaondoka. Zikihesabiwa kesho yake dukani kwake, sahani pungufu ni zako.