Video fupi ya wima kwa simu: mwongozo kwa wafanyabiashara wa Kigoma

Mwongozo huu umetokana na kazi ya kumsaidia mama mmoja anayeuza dagaa na mawese katika mwalo wa Kibirizi, ambaye alitaka wateja wake wa Dar es Salaam na Dodoma wauone mzigo kabla ya kutuma fedha. Simu yake ni ya bei ambayo wengi wetu tunaimudu, nayo inatosha kabisa. Video nyingi za wafanyabiashara wa huku haziharibiwi na kamera, bali na njia zinazopitia tangu zinapochukuliwa hadi zinapomfikia mtazamaji, na kwa sababu hiyo hatua ya nne ni ndefu kuliko nyingine zote.

Hatua ya 1: Andaa simu

Futa lenzi kwa kitambaa kikavu cha pamba, kwa kuwa kidole chenye mafuta ya mawese huacha utando ambao huenda usiuone, lakini kamera huuona. Tumia kamera ya nyuma, katika ubora wa 1080p na fremu 30 (yaani picha 30) kwa sekunde. Achana na 4K, ubora wa juu zaidi ya huo: hujaza simu, hula bando, na mtazamaji wa simu hataona tofauti.

Hatua ya 2: Chagua saa na upande wa jua

Miongozo mingi huandikwa na watu wa pwani, na saa wanazozitaja hazitufai. Kigoma iko magharibi mno, hivyo jua letu huchomoza na kuzama takriban dakika 40 baada ya lile la Dar es Salaam, na jua la utosini hutufikia karibu saa saba mchana badala ya saa sita na dakika 20 hivi. Mwanga mzuri wa asubuhi huku ni kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu. Saa hizo zinaendana vizuri na kazi yetu, kwa sababu mitumbwi iliyokesha ikivua kwa taa imekwisha kurudi na dagaa wameanza kuanikwa.

Ziwa Tanganyika liko magharibi mwa mji. Asubuhi, mtu akisimama akiwa amelipa ziwa mgongo, jua humwangaza usoni, na maji na milima ya Kongo huonekana vizuri nyuma yake. Jioni, mtu huyohuyo mahali hapohapo huwa na jua mgongoni, na uso wake hutoka mweusi. Ikibidi kurekodi jioni, mgeuze aelekee ziwani.

Hatua ya 3: Rekodi

Shika simu wima. Gusa bidhaa au uso kwenye skrini, kisha shikilia kidole hapo kwa muda hadi alama ya kufuli itokee, ili mwanga usipande na kushuka katikati ya video. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe. Chukua vipande vitano au sita vya sekunde chache kila kimoja: chanja nzima, kisha kiganja kimoja cha dagaa karibu kabisa, wakigeuzwa polepole mpaka mng'ao wa jua uonekane kwenye magamba na mnunuzi ajiridhishe kwamba hawana mchanga. Kiganja hicho huuza kuliko maneno yote. Majirani watakaoonekana waombe ruhusa kwanza.

Maelezo ya mdomo usiyarekodi ufukweni. Kuanzia Mei hadi Septemba pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu ziwani, na maiki ya simu hunasa mngurumo mtupu. Hedifoni za waya zenye maiki husaidia, ila kamera za simu nyingi za Android huendelea kutumia maiki ya simu yenyewe hata ukizichomeka. Njia ninayoiamini ni kurekodi maelezo baadaye ndani ya chumba chenye godoro na mapazia, kisha kuyaweka juu ya picha.

Hatua ya 4: Hamisha video bila kuiua

Mama hurekodi kwa simu yake, na binti yake huhariri kwa simu nyingine. Hapo ndipo kazi yote ilipokuwa ikipotelea. Video ikitumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, programu huibana ili iwe nyepesi. Ikirudishwa baada ya kuhaririwa hubanwa tena, na ikiwekwa kwenye hali (status) hubanwa mara nyingine. Dagaa waliokuwa wakihesabika mmoja mmoja huishia kuwa doa la kijivu. Kitufe cha HD cha WhatsApp kinapunguza madhara, lakini hakiyaondoi, kwa kuwa nacho hubana.

Kama simu zote mbili ni za Android na ziko pamoja, tumia Quick Share, huduma ya Android ya kutumiana mafaili kati ya simu zilizo karibu: haili bando, na faili hufika kama lilivyo. Zikiwa mbali, tuma kwa WhatsApp kama hati. Gusa alama ya kiambatisho, chagua hati badala ya picha na video, kisha litafute faili lenyewe. Kwa njia hii unaweza kutuma faili la hadi GB 2.

Hapa kuna mambo matatu ya kuangalia. Kwanza, kwenye iPhone video huenda isionekane upande wa hati mpaka uihifadhi kwanza katika programu ya Files. Pili, video iliyopokelewa kama hati mara nyingi haijitokezi yenyewe kwenye galari. Ifungue, kisha uihifadhi. Wengi hudhani haijafika na huomba itumwe upya kwa njia ya kawaida, na kazi yote huharibika. Tatu, linganisha ukubwa wa faili katika simu zote mbili. Dakika moja ya 1080p huwa na takriban MB 60 hadi 150, hivyo ukiona imefika na MB 8, imebanwa, itumwe upya.

Hatua ya 5: Hariri

CapCut, programu ya kuhariri video kwenye simu, inatosha. Chagua uwiano wa 9:16 (umbo la wima), punguza vipande, na ufute kipande cha nembo ambacho programu huongeza mwishoni. Bei kwa kilo na mahali ulipo viandike kwa herufi kubwa, juu kidogo ya katikati, kwa sababu sehemu ya chini hufunikwa na maelezo na upande wa kulia hufunikwa na vitufe.

Hatua ya 6: Pandisha

Ukiwa na akaunti ya biashara kwenye TikTok, nyimbo nyingi maarufu hutaruhusiwa kuzitumia. Sauti ya soko na maelezo yako vinatosha. Instagram na YouTube zipelekee faili safi kutoka CapCut, si nakala iliyopakuliwa TikTok, kwa kuwa nakala hiyo huwa na nembo na imekwisha kubanwa. YouTube Shorts hupokea hadi dakika 3 tangu Oktoba 2024, ingawa kwa mzigo wa dagaa sekunde 30 zinatosha. Faili hilo safi lihifadhi kwenye memori kadi hadi mzigo uishe, ili mteja akiomba kuona tena umtumie lenyewe kama hati.